Kitabu cha Pili cha Kilimo

Kwako Nasimiyu, niliyeketi nawe dawati moja,

Wiki saba zimepita tangu tukuzike na bado sijakuambia ukweli. Naandika haya mezani pangu kazini, katika masjala hapa mjini Kakamega, saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wametoka. Unanijua, mimi ni mtu wa mafaili na orodha. Hata kuungama nilitaka niungame kwa mpangilio, jambo la kwanza, la pili, la tatu. Nimejaribu mara nne na mpangilio umenishinda. Basi utanivumilia. Ulinivumilia tangu siku ile ya kwanza tulipopangiwa dawati moja, nawe ukaniuliza kama nalala nikiwa nimefunga tai.

Nianze na vile vitabu vya Wazungu. Senge yako, dadake baba yako, aliuza vitabu kuukuu kwenye soko la mji, na kila shule ilipofunguliwa ulikuja na vitatu au vinne chini ya blanketi ndani ya sanduku la bati. Vilikuwa vitabu vya katuni vya vijana wa shule za ng'ambo. Mvulana anaalika wasichana wawili densi moja. Msichana anapaka nywele rangi, zinatoka kijani. Mwalimu mkuu mwenye kipara anateleza sakafuni kila baada ya kurasa tano. Tulivisoma tukiwa tumelaza vichwa juu ya dawati, na tulicheka, ingawa mara nyingi tulicheka kwa kukisia. Hatukuelewa kwa nini mwanafunzi ana gari. Hatukuelewa kwa nini kabati zao ziko ukumbini na hakuna anayeiba kufuli zake.

"Hawa watoto hawajawahi kuona shida," ulisema siku moja, ukifunga kitabu. "Hata kijiko hawajawahi kuibiwa. Ngoja nikuonyeshe shida ya shule."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Pendo Papara, msichana wako wa katuni.

Nakumbuka ulivyofanya kazi. Ulichukua daftari jipya la kurasa tisini na sita, ukakunja kila ukurasa upate visanduku sita, ukachora kwanza kwa penseli, na uliporidhika ndipo ukapitisha kalamu ya buluu. Wino mwekundu uliuweka kwa watu wanaopiga kelele. Shule yetu ilitaka kila daftari lifunikwe kwa karatasi ya kaki na kuandikwa jina, kidato na somo. Wewe ukalifunika lile kama mengine, ukaandika juu yake "Kilimo". Ulichagua Kilimo kwa sababu mwalimu wa somo hilo alitufundishia shambani, jembe mkononi, na hakuwahi kukusanya madaftari hata mara moja. Kwa hiyo ukawa na vitabu viwili vya Kilimo, kimoja cha magonjwa ya mahindi na kimoja cha Pendo.

Kitabu hicho kilizunguka darasa zima, dawati kwa dawati, kuanzia safu ya dirishani. Aliyesoma alitia alama ya vema ukurasa wa nyuma, na hukuchora kisa kipya mpaka alama zitimie arobaini na saba, idadi ya darasa letu pamoja nawe. Pendo alimwagia naibu wa mwalimu mkuu uji kwenye viatu. Pendo alienda gwaride na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Pendo alisinzia katika somo la Bayolojia, akaulizwa mmea hupumuaje, akaamka na kusema "Amina". Wasichana walijifunga kanga mdomoni wasisikike wakicheka. Mara moja niliona mtu wa safu ya nyuma akitoka nje mbio, ameshika mbavu, na hakurudi hadi kengele.

Mimi nilikuwa monita wa darasa. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele, na sitakuficha, niliipenda. Ukanitia kitabuni. Ukaniita Bi Orodha, msichana mrefu mwenye karatasi inayoburuta chini, anayeandika jina la upepo kwa sababu umepiga mluzi dirishani. Wote waligeuka kunitazama walipofika hapo. Nilicheka, na nilicheka kweli. Nataka ujue hilo. Bi Orodha wa upepo hakuniuma.

Kisha ikaja siku ya wazazi ya muhula wa pili.

Mama yangu alitoka Khwisero asubuhi na mapema. Alikuja na kikapu cha obusuma, ule ugali wetu, na mboga, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Jogoo alikuwa wa mwalimu mkuu. Kwetu huendi mikono mitupu kwa mtu anayekulelea mtoto, na mama hakujua namna nyingine ya kusema asante. Wazazi wa mjini walikuwa wamekuja na keki ndani ya maboksi. Mama akaketi safu ya pili, akamweka jogoo chini ya kiti, akamfunika kwa leso. Mwalimu mkuu alipokuwa katikati ya hotuba yake ya nidhamu, kamba ikalegea. Unakumbuka. Jogoo alipanda jukwaani, akaruka juu ya meza ya vikombe vya tuzo, akatafuta kikombe kikubwa kuliko vyote, akasimama juu yake na kuwika.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Naibu akashika kipaza sauti, akauliza jogoo ni wa nani. Nilikuwa nimesimama kando ya safu ile kama monita, hatua mbili kutoka kwa mama. Naibu akanitazama.

"Monita, ni wenu?"

"Si wetu, mwalimu," nikasema.

Mama alinisikia. Aliinua mkono wake, akasema, "Ingokho ni yangu, mwalimu. Mnisamehe." Akaenda kumkamata mwenyewe, ameinama chini ya meza, nguo yake nzuri ikigusa vumbi, watu wakishangilia. Hakuniangalia. Aliyetoka kumsaidia ni wewe. Ulimdaka jogoo kwa mabawa, ukamnong'oneza mama jambo, naye akacheka palepale, mbele ya watu wote waliokuwa wakimcheka. Mpaka leo sijui ulimwambia nini. Mama alifariki bila kulitaja neno langu wala lako, nami sikuwa na uso wa kumuuliza.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa Kilimo alihamishwa, akaja mpya, kijana wa mashati yaliyopigwa pasi, na siku ya kwanza tu akataka madaftari yote ofisini kabla ya saa nane. Wewe ulikuwa zamu ya kuosha sufuria jikoni. Ulinipita mbio pale mlangoni, mikono imejaa majivu.

"Monita, nichukulie kitabu langu, liko hapo ndani ya deski. Mimi niko zamu."

Nikafungua dawati letu. Vitabu viwili vya Kilimo, kaki ileile, mwandiko uleule. Nilifungua kimoja, nikaona magonjwa ya mahindi. Nilijua basi kwamba cha pili ni cha Pendo. Nilikifungua kwa hamu tu ya kuona kisa kipya kabla ya wengine.

Ulikuwa ukurasa wa penseli, bado hujaupitishia wino. Ukumbi. Jogoo juu ya kikombe. Mwalimu mkuu na mdomo wazi. Bi Orodha akiandika kwenye karatasi yake ndefu, "Jogoo: kupiga kelele." Nilianza kutabasamu. Kisha nikafika kisanduku cha mwisho. Mama yangu alikuwa ameinama chini ya meza, umemchora vizuri, hata leso yake, na kando yake amesimama Bi Orodha amegeuza uso. Juu ya kichwa chake uliandika, "Si wetu, mwalimu." Hukutia mzaha wowote pale. Visanduku vyote vya kitabu kile vilikuwa na kichekesho, isipokuwa hicho.

Sikuchanganya vitabu, Nasimiyu. Ndilo neno lililonileta kwenye karatasi hii na sitazunguka mbuyu. Nilikaa na vitabu viwili mkononi, nikijua kipi ni kipi. Nikarudisha cha mahindi ndani ya dawati. Nikakiweka cha Pendo katikati ya rundo, nikahesabu arobaini na saba, nikavibeba hadi ofisi ya walimu, nikasema, "Vyote viko, mwalimu."

Nimejiuliza nilitaka nini. Nilitaka picha ile isizunguke darasani, dawati kwa dawati, kila mmoja akitia alama ya vema. Lakini ningekuomba uifute. Ilikuwa penseli tu, na kifutio chako kilikuwa humo humo dawatini. Ungeifuta, ukanitania kidogo, yakaisha. Nadhani kuomba kungekuwa kukiri kwamba umeona, na sikutaka mtu yeyote duniani awe ameona. Hiyo ndiyo sababu, na nikiisoma naona ilivyo ndogo.

Siku ya tatu uliitwa ofisini, kisha nikaitwa mimi. Kitabu kilikuwa wazi mezani, mahali pa uji na viatu vya naibu, na naibu mwenyewe alikuwa amesimama dirishani, hana hata chembe ya tabasamu. Mwalimu mkuu akaniuliza kitabu kile kilifikaje kwa mwalimu.

"Nilichanganya, mwalimu. Vinafanana."

Ukanitazama, na katika macho yako niliona huruma. Uliogopa kwamba nitaadhibiwa kwa ajili yako. "Si makosa yake, mwalimu," ulisema. "Ni mimi niliandika Kilimo juu ya zote mbili."

Ulipewa wiki mbili za kukaa nyumbani, na uje na mzazi. Wiki mbili si kitu. Wengi walikwenda na kurudi. Lakini baba yako alitoka Mautuma wakati wa palizi, akiwa ameacha ekari za mahindi zimezidiwa na magugu, na alipofika alikuwa na matope hadi magotini. Nilikuwa pale, nimeitwa tena kama shahidi. Mwalimu mkuu alimfungulia ukurasa baada ya ukurasa, akimweleza kwamba haya ni matusi kwa walimu. Baba yako aliinamia kitabu. Alipofika ukurasa wa viatu viwili vya kushoto nilimwona mabega yakimtikisika kwa kicheko, kwa muda mfupi sana, halafu akakumbuka yuko wapi. Akakohoa. Uso ukawa mgumu.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilileta mtoto kusoma. Kama ni kuchora, hata nyumbani ukuta iko. Wacha aende tupalilie mahindi."

Mwalimu mkuu alijaribu kumweleza kwamba adhabu ni ya wiki mbili tu. Mzee alikuwa ameshavaa kofia. Aliaibishwa mbele ya watu waliosoma, nami nilijua aibu ya namna hiyo inavyomfanya mtu afanye upesi jambo la kudumu. Ningesema neno wakati ule. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wanne tu, pamoja nawe mlangoni. Nikampisha mzee apite.

Nilikusaidia kubeba sanduku hadi langoni, tumelishika kila mtu upande wake. Jikoni walikuwa wanachoma kitabu. Mpishi aliambiwa akitie motoni, na nadhani alikisoma kwanza, kwa sababu tulimsikia akicheka peke yake. Ulisimama ukamsikiliza.

"Huyo ni wa arobaini na nane," ulisema. Halafu ukaniona nalia. "Monita, wacha kulia. Ulichanganya tu. Hata mimi mwenyewe nilikuwanga nachanganya hizo vitabu."

Ukaniachisha kishikio cha sanduku, ukalibeba kichwani, ukamfuata baba yako.

Uliniandikia mara moja, barua ya ukurasa mmoja. Mahindi ni mazuri, mama anawasalimu, wasichana wote niwasalimie. Niliigeuza nyuma na mbele nikitafuta mchoro, hata mdogo pembeni. Hapakuwa na kitu. Sikukujibu. Mwanzoni nilisema ni mitihani, na baadaye miaka ikawa mingi mno kwa jibu lolote.

Tulikutana soko la Matete nikiwa tayari nimeajiriwa. Ulikuwa na mtoto mgongoni na unachagua vitunguu. Uliniita "Monita!" kwa sauti kubwa hadi wauzaji wakageuka, na kwa muda nikamwona yule msichana. Nikakuuliza kama bado unachora. Lilikuwa swali la mtu mwoga, nilitaka useme ndiyo ili nilale vizuri.

"Kuchora?" ulisema. "Mimi siku hizi hata penseli sishikangi." Ulisema bila uchungu. Ukarudi kwenye vitunguu vyako.

Basi nije kwenye mazishi. Nilikuja Mautuma asubuhi na mapema kama mama alivyokuwa akifanya. Watu walikuwa wengi, ulipendwa. Wakatugawia karatasi ya maisha yako, nami nikaisoma kwa jicho la masjala, mstari kwa mstari. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto. Katikati palikuwa na sentensi moja: "Marehemu aliacha shule kwa hiari yake akiwa Kidato cha Pili." Kwa hiari yake. Sijui nani aliandika. Pengine ndivyo ulivyowaambia mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa mtu wa kutolaumu. Mwendesha shughuli akaita rafiki wa shule aseme machache, na watu wakanisukuma mbele. Nilishika kipaza sauti. Binti yako Nelima alikuwa ameketi mbele kabisa, amefumbata mikono, akinitazama. Nikasema ulikuwa rafiki mwema na mwenye bidii. Nikaketi. Dakika moja haikutimia. Nilikuwa nimekwepa tena mahali nilipopaswa kukutetea, na safari hii hapakuwa na mwalimu wa kumwogopa.

Sijapata usingizi mzuri tangu hapo. Mtoto anabeba maisha yake yote imani kwamba mamake aliitupa shule kwa kupenda, na yupo mtu mmoja tu aliye hai anayejua sivyo. Jumamosi iliyopita nikapiga moyo konde, nikarudi Mautuma.

Nilimkuta Nelima nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi. Amechukua paji lako la uso na mikono yako. Alinipa kigoda, nikachukua gunzi, tukapukuchua pamoja, nami nikamwambia yote. Vitabu viwili, jogoo, mama yangu, ukurasa wa penseli. Nilimwambia kwamba mamake hakuacha shule, bali alitolewa, na mkono uliomtoa ni huu ulioshika gunzi hapa. Sikulia. Niliona si haki nilie mbele yake ili anibembeleze.

Aliendelea kupukuchua hadi punje za mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, anifukuze, anitukane, aite wajomba zake. Aliweka gunzi chini.

"Anti," aliniuliza, "kwani mama alikuwanga mtu wa kuchekesha?"

Sikuelewa swali.

"Mimi sijawahi muona akichekesha mtu," alisema. "Alikuwa mzuri kwetu, lakini nilijuanga ni mtu wa kunyamaza. Alikuwa anachekesha aje?"

Nasimiyu, miaka yote hii nilidhani nilikunyang'anya shule. Hilo nilikuwa nimelikubali, nimelipa jina, nimeliweka kwenye faili. Sikuwa nimejua kwamba kuna nyumba nzima ya watoto uliyoilea bila wao kukujua.

Nikataka kumpa japo kidogo. Nikachagua kile kisa cha sweta, ambacho darasa letu lililia kwa kucheka. Pendo amefua sweta, ameianika uani, ng'ombe wa shule akala mkono mmoja mzima, naye akaenda gwaride wiki nzima na mkono mmoja ameuficha tumboni kama aliyevunjika, hadi muuguzi wa shule akaja na plasta kumfunga. Nilianza na muuguzi, nikakumbuka sijamtaja ng'ombe, nikarudi nyuma kueleza uani palikuwa wapi, halafu nikasahau kusema kwamba Pendo hakuweza kukataa plasta kwa sababu angeulizwa sweta iko wapi. Wewe ungekimaliza kwa visanduku sita.

Nelima alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amenikazia macho mdomoni, ametabasamu kwa adabu, akingoja mahali pa kucheka. Alingoja hata baada ya mimi kunyamaza.

Lala salama, rafiki yangu. Kosa ni langu, na sasa limeandikwa kwa wino.

Ni mimi, mwenzako wa dawati,
Monita